Mlio Uliomtangulia Baba

Ndugu zangu, niazimeni masikio kidogo. Kisa hiki sikukisikia kwa watu. Mkono wangu umo, tena mkono wenye grisi.

Chini ya mteremko wetu kuna nyumba yenye baraza la saruji na mlango wa kijani. Jua lilipoanza kulegea, mama wa nyumba hiyo alikuwa akikaa barazani kukunja nguo, binti yake mkubwa akimsuka mdogo wake, redio ikiimba kwa chini. Huyo mdogo, kitindamimba wa miaka sita, alikuwa akisema. Alisema bila kupumua, mara wingu limepotea njia, mara kuku kaandikishwa darasa la kwanza. Ukipita hapo saa hizo ungedhani unatembea huku umelala, kwa ule utulivu.

Halafu ulisikika mlio kutoka juu. Kwii, kwii, kwii. Redio ilizimwa. Nguo zilibebwa nusu hazijakunjwa. Binti alishika daftari. Mtoto alifunga mdomo, na hakuufungua tena mpaka kesho yake baba aondoke.

Baba mwenyewe ni msimamizi wa kiwanda cha mbao, na mtaa mzima tunamwita hivyo, Msimamizi. Si mlevi wala hajawahi kumwinulia mtu mkono. Chakula hakikosekani kwake. Ila mtu anayeshinda akipigania kusikika katikati ya misumeno, ile sauti humganda kooni, na yeye alirudi nayo nyumbani kama alivyorudi na vumbi la mbao nyweleni. Nani kaacha viatu hapa. Chumvi imezidi. Mnacheka nini. Mwenyewe aliona analea.

Pikipiki yake ni kuukuu, ya enzi zile. Saa yake ya spidi, ile yenye mshale wa kuonyesha mwendo, inazungushwa na waya mwembamba unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Waya huo ukikauka, unalia. Na Msimamizi alikuwa na mazoea ya kuzima injini juu ya mteremko, ashuke kwa uzito wake tu. Kwa hiyo kilichofika nyumbani kabla yake kilikuwa ni huo mlio.

Mtaniuliza, na wewe fundi ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Miaka miwili nyuma mkewe alikuja karakana yangu, hapo juu ya mteremko, akasimama mlangoni akikunjakunja pembe ya kanga.

"Shemeji, akikuletea ile pikipiki, mlio uache. Unatupa muda."

Nilicheka. Nikaona ni utani wa wanandoa. Tangu siku hiyo kila Msimamizi aliponiuliza nilimjibu kwamba vifaa vya pikipiki ile vimeadimika. Nilijiona mtu mwema kweli.

Sasa, baba huyu hakuwa amewahi kusikia sauti ya kitindamimba wake. Alisikia kilio cha uchanga, basi. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba mtoto anasema, tena sana. Yeye alimwita mtoto, akamsimamisha katikati ya sebule, akamwamuru aseme. Mtoto aliangalia vidole vyake vya miguu. Msimamizi akahitimisha kwamba mama anajifariji, na mtoto ni bubu.

Akatafuta shule. Aliipata mbali, mwendo wa nusu siku, shule ya bweni ya watoto wasioweza kusema. Ni shule nzuri, sina neno nayo, ila haikuwa ya mtoto yule. Nafasi ilipatikana, sanduku dogo likapakiwa, safari ikapangwa Jumatatu. Mama aliloweka mto kwa machozi. Lakini kusimama mbele ya mumewe akamwambia hapana, miguu haikumbeba. Aliomba tu mtoto apate neno moja kabla ya Jumatatu.

Jumamosi alasiri Msimamizi akaingia karakana na waya mpya mkononi. Alikuwa ameutafuta mwenyewe. Alisema hawezi kusikiliza ule mlio nusu siku nzima na mtoto amempakia, akavuta kigoda akakaa usoni pangu. Pa kukimbilia sikuwa napo.

Nilifungua nati kwenye gurudumu na nyingine chini ya saa. Waya wa zamani ulitoka na kutu nyekundu. Ule mpya nikaupaka grisi kidogo, huku chini tu, maana ikizidi juu inapanda ndani ya saa na mshale unaganda. Nikainua gurudumu la mbele nikalizungusha. Likalia bado. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya saa yenyewe. Nikaigeuza kichwa chini, nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani pale waya unapoingilia, nikasubiri linywewe, nikazungusha tena. Kimya. Mshale ukapanda taratibu bila kutetemeka.

Msimamizi akatabasamu. Mimi nikawafikiria walio barazani, wasio na onyo tena. Nikamwambia nitapanda nyuma tuijaribu, na ukweli ni kwamba nilitaka nifike pamoja naye.

Juu ya mteremko akazima injini kama kawaida yake. Tukashuka. Sijui niwaeleze vipi. Hapakuwa na sauti ila upepo na vijiwe vidogo chini ya matairi. Nyumba zilikuja zikapita, mwanga wa jioni umelala ukutani, mtu anaona kama anabebwa. Tulisimama pembeni ya baraza, nyuma ya shuka zilizoanikwa, na hakuna aliyejua kwamba tumefika.

Ng'ambo ya zile shuka palikuwa na kicheko. Na sauti nyembamba, yenye haraka, ikisimulia.

"Nyumba ikachoka. Ikaamka asubuhi, ikaondoka na sisi ndani."

"Na baba je?" dada yake akauliza.

"Baba karudi akakuta kiwanja. Akaita kwa nguvu. Nyumba ikaogopa, ikazidi kukimbia."

Msimamizi alinigeukia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa ghafla ugenini.

"Fundi," akaninong'oneza, "huyu ni mtoto wa nani?"

Ndugu zangu, mimi nina umri, nimezika wazazi wote wawili, lakini swali lile liliniumiza kuliko mengi.

Upepo ukainua shuka. Wakamwona. Na yeye, kwa mara ya kwanza, akaona kwa macho yake jinsi nyumba yake inavyozimika. Mkono wa mama ukaenda kwenye redio. Binti akaliinamia daftari. Mtoto akafumba mdomo kwa kiganja, kana kwamba ameshikwa akiiba.

Msimamizi alifungua kinywa, na ile sauti ya kiwandani haikuja.

"Jumatatu hatuendi," alisema taratibu.

Mkewe ndipo akapata miguu. Alisimama, nguo zikamwanguka.

"Nilikwambia anasema. Hujawahi kutukuta tulivyo, mume wangu. Unatukuta tukiwa tumejiandaa."

Yeye akakaa kwenye ukingo wa baraza, mgongo kwa watu wake, akalia. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mimi nilirudi kwangu kwa miguu.

Msidhani mtoto alisema siku ile. Hakusema. Zilipita wiki, na baba alirudi akakaa pale pale ukingoni, akijifunza kunyamaza, jambo lililomtoa jasho kuliko magogo. Siku nyingine alisahau, akafoka, wakarudi nyuma hatua kumi. Miezi mitatu hivi. Kisha asubuhi moja akaja karakana mbio, shati halijafungwa vifungo, nikadhani kuna msiba.

"Kanisemesha," akasema.

Kumbe kule nyumbani kwake alikuwa amesimama mlangoni akiziba mwanga, na mtoto alikuwa akichora sakafuni.

"Kasema, 'Sogea kidogo, baba.'" Mzee mzima akalirudia neno hilo mara tatu, machozi yakimshuka hadi kidevuni. "Nikasogea, fundi. Nikasogea."

Funzo

Enyi wazazi wenzangu, ukimya wa watoto mbele yenu si heshima. Mara nyingi ni woga uliovaa nguo za heshima. Mnaweza kulisha nyumba, kuivisha na kuijengea paa, na bado mkawa wageni ambao nyumba hujiandaa kuwapokea kila jioni.

Na sisi tunaojua, wake, mashemeji, mafundi, tusijisifu kwa kuwafichia watu woga wao. Mimi niliulinda mlio ule miaka miwili nikiuita wema, na kidogo tu mtoto mwenye maneno mengi apelekwe mbali kwa sababu yangu.

Leo ukirudi kwako, simama kidogo nje usikilize. Kama kulikuwa na kicheko na kimekatika ulipoingia, usiwaulize wao kulikoni. Jiulize wewe.