Kitako cha Mhuhu

Siku Mwambire alipoijaribu bunduki yake, uani kwake Jilore walikuwapo Mwambire mwenyewe, mkewe Kadii, mamake Mwambire, ambaye wote pale nyumbani walimwita Hawe, yaani bibi; fundi seremala Ndirangu, jirani aliyehamia kutoka bara; na mtoto wao Nelly, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Uturuki. Za Kiitaliano hakuziweza bei. Nyani walikuwa wamewamalizia mahindi msimu baada ya msimu, hata Kadii akafika mahali pa kumpikia mtoto mboga tupu, kwa hiyo kibali kilipotoka Mwambire hakungoja. Lakini kitako kilikuwa kifupi. Alipoipiga mara ya kwanza ilimgonga begani akavilia damu, na marisau yakapita juu ya shabaha.

"Kwa mikono mirefu hivyo, Mwambire, ungenunua mkuki," Ndirangu alimtania.

Lakini ndiye huyo huyo aliyemwonea huruma. Alitafuta kipande cha mhuhu mkavu, ule mti mgumu wa msituni, akakipiga randa, akakiunga kwenye kitako kwa parafujo na kufunika mwisho wake kwa mpira. Malipo alikataa. Hata maranda aliyakusanya kwenye karai akampelekea Kadii.

"Ya kuwashia jiko, Mama Nelly. Yanashika moto haraka."

Kadii alishukuru, akayapikia uji wa mtoto. Moshi wake ulinuka mnazi uliochacha, na pale nyumbani hapakuwa na mgema wala mnywaji. Aliliona jambo hilo, akaendelea kukoroga uji.

Siku hiyo ya kujaribu kitako kipya, Mwambire alitundika boksi kwenye mkorosho mwisho wa shamba. Bunduki ilimkaa begani kama imeota hapo. Akafyatua. Boksi likachanika katikati.

Nyuma yao, mlangoni, Nelly akaanguka.

Walimkimbilia, wakamgeuza huku na huku. Hapakuwa na jeraha. Lakini mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa baridi kama mtungi, na walipomsimamisha ulijikunja kama kitambaa. Hospitalini walimpima kwa upole, wasione kitu.

Bunduki ilifungiwa ndani ya sanduku la chuma. Mchana mmoja Kadii alikuwa chumbani, ameukumbatia ule mguu akiupulizia pumzi zake, aliposikia kugonga. Ko. Kimya. Ko. Alidhani ni mbuzi, kisha akadhani ni mlango, kisha akajua kwamba sauti inatoka ndani ya sanduku, na kwamba ni mwendo wa mtu mzima anayejikongoja kwa fimbo, anazunguka mahali padogo asipate pa kutokea, anakohoa kikohozi kirefu cha wazee, na kila fimbo ilipogonga, ule mguu mdogo mikononi mwake ulistuka na kuzidi kupoa, na harufu ya mnazi ikajaa chumba chote mpaka machozi yakamtoka.

Hawe alikuwa amesimama mlangoni.

"Hawe, unasikia?" Kadii alinong'ona.

"Nasikia. Fundi aliitoa wapi mbao ile?"

"Kwenye boma la zamani. Alisema ni kisiki tu, kimesimama vichakani, mchwa hawakigusi."

Hawe alishika mwimo wa mlango. "Si kisiki, mwanangu. Ni kigango cha baba mkwe wangu, nguzo tuliyomsimamishia alipokufa. Kichwa chake walikiiba wezi wakawauzia wageni, mumeo akiwa bado mgongoni. Ukabaki mguu. Sasa na mguu amekatwa, anautafuta."

Mwambire aliporudi kutoka shambani aliwasikiliza huku amesimama.

"Nikiing'oa mbao hii, nitakosa shabaha. Nyani wakirudi tutakula nini, Hawe? Mbuzi wote nimeuza."

Kadii hakubishana naye. Alimweka Nelly sakafuni. "Mwite."

"Nelly. Njoo kwa baba."

Mtoto alitambaa akicheka, mguu ukiburura nyuma yake kama si wake. Ndani ya sanduku kitu kikagonga, ko, sawasawa na mwendo wake.

Mwambire akaenda kutafuta bisibisi.

Parafujo zilitoka zimelowa. Chini ya mpira, mahali ambapo randa haikufika, palikuwa na mstari wa pembetatu ndogo ndogo zilizochongwa na mkono wa zamani.

Ndirangu alipoambiwa alilia mbele ya watu. Aliubeba ubao ule mwenyewe hadi boma la zamani, akapiga magoti vichakani. "Mzee, sikujua. Kwetu hatuna nguzo hizi. Nisamehe mimi, mtoto umwache." Hawe alikifunga kipande mahali pake kwa vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi, akamwaga mnazi. Kadii, mtoto kifuani, akahisi kidole gumba cha ule mguu kikianza kupata joto.

"Kimerudi chote?" Hawe aliuliza.

"Chote, Hawe," alisema Ndirangu. Kisha akamtazama Kadii. "Ila maranda."

Kadii alimkaza mtoto kifuani.

Mwambire bado hufukuza nyani kwa kitako kifupi, na bega lake halijapata kupona. Nelly anasoma chekechea. Anatembea, lakini mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, kwa unene wa kidole. Kila anaponunuliwa viatu, Ndirangu humgongea kipande cha mpira chini ya soli. Mbao hatumii.