Mabonyeo Mawili Kwenye Pamba

Pamba ya Mektilda ilijaa chumba kizima pale Sapiwi, ikisubiri kuuzwa, na asubuhi hiyo aliikuta imebonyea mahali pawili. Doto alipenda kulala juu ya pamba, na hilo si la ajabu, watoto wa kwetu wote ndivyo walivyo. Lakini Doto alikuwa mmoja. Pacha wake, Kulwa, walimzika mwezi wa tano, homa ya siku mbili tu.

Mektilda aliisawazisha pamba kwa mkono. Hakushtuka. Tangu msiba hakushtuka wala kulia. Moyo ulikufa ganzi. Alipika, alifagia, basi.

Kesho yake mabonyeo yalirudi, na lile la kushoto lilikuwa na unyevu, linanuka udongo uliochimbuliwa. Doto akaanza kukonda. Ugali alikula vizuri tu, lakini mwili ulizidi kupungua, mikono ikawa ya baridi saa saba mchana na jua lote lile, na kila walipopakata sahani Mektilda alisikia nyuma ya mlango wa pamba mtu anatafuna, polepole, tonge kwa tonge na Doto, na yeye akawa anasikiliza tu, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Ndipo akamwita Salu, mganga wa kijiji cha pili. Mganga alinusa mlango wa pamba, hakuingia.

"Mayu, mama yangu, watoto unawaitaje kula?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kulwa, Doto. Mapacha huitwa pamoja."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Nimezoea."

Salu akashusha pumzi. "Umeita jina lisilo na mwenyewe, jini likaitika. Linakula kupitia kwa huyu aliyebaki. Leo fungua mlango huu, uite mmoja, lisikie. Usipoacha, utamzika Doto naye."

Hapo ndipo ganzi ilipomtoka kidogo, ikauma. Jina lile ndilo pekee alilobaki nalo la Kulwa. Hata hivyo alisonga ugali, akapakua sahani moja, akafungua mlango. Doto alikuwa amejibanza kwenye kanga ya mama yake. Mektilda akaita, mara ya kwanza tangu awazae, jina moja.

"Doto."

"Abee, mayu," ikaitika sauti kutoka kwenye pamba.

Doto hakuwa amefungua mdomo. Alimtazama mama yake.

"Mayu," akanong'ona, "mimi sasa utaniitaje?"

Mektilda alichukua sahani ya pili, akampakulia aliyekuwa kwenye pamba.