Shuka za Wodi

"Mgeni yuko jikoni," ilisema sauti ya mkuu katika kifaa cha sikioni.

Maana yake ilikuwa moja. Msaliti yumo ndani ya chumba cha uangalizi wa mafuriko.

Nyuki, ndilo jina lake la kijasusi, aliingia. Saa nne asubuhi, skrini kumi na mbili ukutani, na fundi mmoja tu, mnene, anatokwa jasho kwenye kiyoyozi.

Skrini ya saba ilionyesha mji ulio kilomita mia tisa kutoka hapo. Mto umetulia. Jua. Nyuma ya hospitali, shuka sita zikipepea kambani.

Simu ikatetema. Dada yake, muuguzi wa hospitali ile ile.

"Mdogo wangu, uko kazini?"

"Niko kazini, dada."

"Basi sikucheleweshi. Mvua imechachamaa tangu alfajiri. Hata shuka za wodi nimezianua zingali mbichi."

Nyuki alitazama skrini. Shuka sita. Jua.

Akaogopa, yeye ambaye kazini waliamini hana moyo.

"Mto umefika wapi?"

"Kwenye ngazi. Lakini king'ora hakijalia, daktari anasema tungoje."

Mkono wa fundi ulikuwa unateleza kuelekea mtoto wa meza. Haukufika. Bastola ya Nyuki, Beretta, ilishamgusa shingo.

"Picha hii ya lini?"

"Ya juzi." Fundi aliinua mikono. "Lori la walionilipa limejaa silaha. King'ora kikilia, daraja linafungwa. Walitaka nusu saa tu wavuke. Sikujua una ndugu kule."

"Na wasio ndugu zangu je?"

Fundi akainama, akatoa ufunguo wa king'ora ndani ya soksi.

Nyuki aliuchomeka kwenye tundu lake mezani, akauzungusha.

Sekunde tatu. Kisha mlio ukaja kupitia simu, mwembamba, wa mbali.

"Dada, wapandishe kilimani. Wote. Sasa hivi."

Akasikia magurudumu ya vitanda. Mtoto akilia. Halafu ngurumo ndefu isiyokuwa ya radi.

Simu ikakatika.

"Lori limenaswa kwenye kizuizi cha daraja," alisema mkuu sikioni. "Kazi nzuri."

Nyuki alimfunga fundi pingu kwenye kiti, akasimama na simu mkononi. Dakika nne. Tisa. Kumi na tano.

Ujumbe ukaingia: *Tuko juu, wote arobaini. Shuka zimekwenda na maji.*

Alivaa miwani yake ya jua na kutoka bila haraka.

Ukutani, shuka sita ziliendelea kupepea.