Masomo Ilimufuata Mwalimu ku Gare

—Ule Mukasai ataenda, mama. Na weye njo utakuwa directrice, mukubwa ya masomo. Nini tena unataka?

Tata Louis alisema vile huku anakunywa chai yangu. Ye ni kaka mukubwa ya marehemu baba yangu, tajiri ya mbao hapa Kolwezi. Tangu kampuni ya shaba iporomoke na mishahara kukauka, ye njo alikuwa anasaidia masomo yetu ya siku ya posho, ni kusema jumamosi: mbao, uji ya batoto, hata chaki. Batoto ya mutaa balikuwa banajifunza kwetu kutengeneza redio, useremala na teatre. Sikatae, alitoa. Lakini ile masomo ilitoka mu kichwa ya Mbuyu, ule mwalimu Mukasai. Na Mbuyu alikuwa wangu.

—Tata, Mbuyu alizaliwa hapa hapa.

—Baba yake alitoka Kasai.

—Na baba yako alitoka Kabongo. Bote balikuya na treni.

Akaweka kikombe chini.

—Agnès, mi sifukuze mutu. Bakubwa ya serikali njo banafukuza. Lakini kesho wageni yangu, benye kununua mbao, banakuya kuona masomo. Bakinikuta na Mukasai ndani, biashara yangu imekufa. Tena usilie. Ye mwenyewe alikubali.

—Alikubali nini?

—Kwenda kimya, na kukuacha. Nilimuahidi masomo haitafungwa.

Nilifikiri moyo inapasuka. Kumbe ilikuwa hasira.

Ule mwaka wa 93 Bakasai balifukuzwa Katanga kama bezi. Balikuwa banalala ku gare, batu na batu, banangoja treni. Nilienda kule, nikakuta Mbuyu ameikala juu ya godoro yake, na mama yake, Mama Elise, anapika bukari pembeni.

—Nani alikutuma uniuze?

—Agnès, pole pole. Batu banasikia.

—Basikie. Umenibembeleza miaka yote, halafu unaniacha kwa tata yangu kama mufuko ya makala?

—Masomo ikifungwa, batoto bataenda wapi? Ku mashimo ya madini? Nilipima, nikaona afazali uchungu yangu.

—Na yangu, nani aliipima?

Akaanza kukunja blanketi yake.

—Ulipashwa kuniuliza, Mbuyu.

—Ungekataa.

—Njo maana ulipashwa kuniuliza.

Mama Elise akacheka na mwiko mukononi.

—Mbuyu, ukimuacha huyu, mi nitabakia naye. Weye panda treni peke yako.

—Unanipenda ao hapana? nikamuuliza.

—Nakupenda mpaka inaniumiza.

—Basi ikala hapo. Kesho ni siku ya posho.

Asubuhi sikuvaa kanzu yenye tata alinitumia juu ya wageni yake. Nilifungua masomo, nikaambia batoto:

—Mwalimu iko ku gare. Mwenye kutaka kusoma, abebe benchi.

Bote bakabeba. Tukapita katikati ya muji, benchi ku kichwa. Bijana ya pa barabara bakatuzomea, bakatutupia maganda. Hatukukimbia.

Mbuyu alipotuona, akasimama, akafunika uso na mikono. Kisha tukapanga benchi mbele ya behewa moja ya mizigo, nyeusi na vumbi ya makala. Ile behewa njo ilikuwa ubao yetu. Lakini chaki yote ilibakia mu depo ya tata, na funguo mu mufuko yake.

Hapo njo mama yangu Adolphine alifika, na kitu mu kitambaa. Ilikuwa pemba, ule udongo mweupe. Kwetu, mukubwa ya ukoo njo anapakaa binti pemba ku mikono siku ya kuolewa, na hiyo njo baraka. Mama alikuwa ameichunga juu yangu. Akaivunja vipande mbili, moja akapa Mbuyu.

—Andika, mwalimu.

Batoto ya Bakasai ya pa gare nabo bakakuya kuikala. Mbuyu akaandika ku behewa, herufi kubwa: SISI BOTE TULIZALIWA KOLWEZI. Batoto bakasoma, mara ya kwanza pole, mara ya pili kwa nguvu. Njo tata Louis akatokea na wageni yake, jasho usoni.

—Agnès, unaniletea aibu. Rudisha benchi yangu.

—Benchi batoto njo balitengeneza.

—Na mbao?

—Mbao ulitupatia, tata. Aksanti. Zawadi haifungwe kamba ya kuirudisha.

—Basi mi sitakupakaa pemba. Bila mukono yangu hautaolewa.

Mama yangu, mwenye hakuwai kumujibu hata siku moja, akainuka.

—Shemeji, mi njo nilimuzaa.

Akachukua ile kipande ingine, akanipakaa ku mikono, kisha akapakaa Mbuyu. Mama Elise akapiga vigelegele, na gare yote ikamuitikia. Wageni bakaangalia chini. Tata akaniuliza kwa sauti ndogo:

—Utakula nini kule Kasai? Hauna mutu.

—Niko na bwana yangu.

Tata akarudi na wageni yake. Benchi, mama yangu alizipeleka ku lupango yake, mu kiwanja ya nyumba. Batoto bakubwa balibakia kufundisha badogo, kila siku ya posho, na uji mama alipika ye mwenyewe.

Treni ilipokuya, bakatuingiza mu ile behewa yetu. Pa Tenke treni ikasimama; kundi ya batu ilikuwa inatungojea, na mawe mukononi. Bakasoma kwanza yenye Mbuyu aliandika ku behewa. Mi nilikuwa nimeikala ku mulango, pemba ku mikono, Mbuyu nyuma yangu. Nikabaangalia mu macho mpaka treni ikaondoka, na mawe ikabakia mu mikono yabo.