Mzigo Mjane

Kioo kilimulika kutoka kilimani. Kikazimika. Kikamulika tena.

Loisi aliendelea kukoroga uji wa wapagazi. Hakuinua kichwa. Mwanga ulikuwa ukicheza kwenye sufuria, na amri akaisoma hapo.

Panga kwa tatu. Askari njiani.

Mtumaji alikuwa Sila, mwenzake katika kazi ya siri ya mtemi. Wapagazi walimjua Loisi kuwa mpishi tu. Bastola ya Mauser iliyolala ndani ya mfuko wa chumvi hawakuijua.

Msafara ulibeba uwele kutoka Kibakwe kwenda kwa wenye njaa Dodoma. Mwaka uliopita baruti ilipenyezwa katika msafara kama huu, na aliyeipenyeza hakujulikana. Watawala Wadachi wakaikuta. Wakachoma kijiji, wakamnyonga Yotham, mume wake, na mlowezi Krantz akajitwalia mashamba. Tangu hapo, mpagazi akikaza kamba ya mzigo, Loisi husikia ile nyingine.

Kuhesabu ilikuwa kazi ya mnyapara, na wenyeji hawakupenda mali ihesabiwe kwa sauti. Kinachohesabiwa, walisema, hupungua. Ndipo Mwalimu Zaidi alipompa mtemi namba kaidi ya mizigo: elfu moja na tisa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Panga mizigo miwili miwili, mitatu mitatu, saba saba, mmoja utabaki peke yake; ukikosekana, mizigo imeguswa. Wapagazi waliuita mjane.

Kila kituo walipanga miwili miwili. Leo Loisi akaagiza mitatu, iegemeane kama mafiga. Mnyapara Abbasi akacheka, akamwambia mambo ya jikoni ayaache jikoni, lakini wapagazi wakapanga.

Loisi akatazama mwisho wa safu.

Mjane hakuwepo.

Mtu alikuwa ameongeza mizigo kwa jozi, ili mpango wa miwili usimsute.

Vumbi la askari lilikwisha kuonekana upande wa Mpwapwa. Loisi akatundika mfuko wa chumvi begani, akachomoa kijinga cha moto mekoni, akapita nacho kati ya mizigo. Macho yake hayakuwa kwenye mizigo. Yalikuwa usoni mwa Abbasi.

"Shemeji, hapo usipite na moto."

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikula na Yotham sahani moja, kumbe ndiye aliyemuuza, kisha akalia msibani kuliko ndugu. Loisi aliona uchungu, lakini Mauser ilitoka kwenye chumvi.

"Utoe mzigo wako."

Abbasi akautoa. Mwishoni mwa safu sasa ikabaki miwili.

"Bado mmoja, shemeji."

Akautoa na wa pili. Mjane akasimama peke yake.

Baruti ikamwagwa kwenye tope la lambo. Abbasi akafungwa, akapitishwa porini kupelekwa kwa mtemi.

Askari walitoboa magunia mpaka wakachoka. Uwele mtupu. Wakaondoka bila kuaga.

Loisi akaelekeza kioo chake kilimani. Mjane yupo.

Jibu likaja. Vyema. Rudi nyumbani.

Nyumbani palikuwa majivu. Loisi alijitwisha ule mzigo uliobaki, akatangulia mbele ya msafara. Nyuma yake kamba zilikazwa, zikalia. Alizisikia zote, na hakugeuka.