Bernadeta na Fomu Yake

Mwaka ule kila mwenye chumba na kompyuta nne alifungua intaneti kafe. Katika mojawapo, karibu na soko la Morogoro, Bernadeta alikaa na gauni lake jekundu, fimbo nyeupe mapajani, akisikiliza programu ya kuwasomea wasioona kilichomo kwenye skrini. Sauti ya programu hiyo, ya Kizungu, ilitafuna Kiswahili kama karanga mbichi.

"Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Jamani!" Bernadeta akacheka kwa sauti. "Cha nini? Aliyetengeneza tovuti ya chuo hiki ameficha majina ya vitufe vyote!"

"Ni mimi," ikajibu sauti nzito pembeni. "Naitwa Laurenti."

"Pole yako, Laurenti. Nataka kuomba nafasi ya kusomea ualimu hapo. Zima skrini yako, nawe utafute pa kuandika jina."

Alizima. Akahangaika dakika ishirini, jasho likamtoka, akasalimu amri.

Kwa wiki mbili wakaijaribu tovuti kila mchana. Bernadeta anasikiliza, Laurenti anarekebisha. Sabuni ya Laurenti ilinukia ndimu, na Bernadeta akaanza kumjua kwa harufu kabla hajafika mlangoni.

"Leo umechelewa, baba."

"Nilikuwa nachana nywele."

"Kwa ajili ya nani? Mimi sizioni!"

Zikiwa zimebaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe, simu ya Bernadeta ikaita. Alikuwa Laurenti, ambaye sasa walishakuwa wapenzi.

"Mpenzi, furahi! Ile sehemu ya kupandisha cheti imenishinda kuirekebisha, basi nimekujazia fomu mwenyewe. Nimeshaituma."

Bernadeta akainuka kitini.

"Nani alikutuma?"

"Nimekusaidia, Berna..."

"Tangu nitoke kwetu milimani Mgeta watu wananijazia, wananijibia, wananisainia. Hata wewe?" Akakata.

Asubuhi alikuwa ofisini chuoni. "Shikamoo mama. Naomba fomu yangu ifutwe."

"Marahaba. Mwanangu, kesho tunafunga! Ukikosa, ni mwaka mzima."

"Nikose kwa mkono wangu."

Ikafutwa.

Siku ya mwisho, saa nane mchana, Laurenti akapiga. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukesha. "Nimejifunga kitambaa usoni tangu jana, kafe nzima inanicheka. Nimeirekebisha ile sehemu, cheti kimepanda bila kuona. Njoo uikague. Ukitaka, mimi nitoke nje."

Alikuja, amenuna. Laurenti akatoka, akasimama juani.

"Jina la kwanza," ikasoma sauti. "Jina la ukoo. Chagua cheti. Tuma maombi."

Bernadeta akabonyeza. "Maombi yamepokelewa."

Akatoka, akainusa ile ndimu, akamshika mkono.

"Nisamehe," Laurenti akasema. "Nataka kupeleka mshenga na barua ya posa kwenu."

"Apande mlima, wazee wajadili wiki nzima wakipenda. Lakini jibu nalitoa mimi, asinijibie mtu."

"Nitalisubiri."

"Usubiri nini? Ndiyo," akasema, katikati ya watu, barua yenyewe haijaandikwa.