Kosa Ambalo Miwani Hakulifanya

Hakuna asubuhi ambayo Siafu aliondoka nyumbani bila kugombezwa. Leo ni kitanda hakijatandikwa, kesho ni kikombe kimeachwa juu ya cherehani. Mama yake alikuwa mshonaji, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: vitambaa kwenye rafu, meza pana ya kukatia, na sakafu ambayo hata ukiifagia vipi haiishi nyuzi.

"Taratibu wewe!" mama alimpigia kelele. "Mbio kila mahali kama siafu. Na siafu angalau hufuata mstari!"

Jina hilo lilimganda mpaka shuleni, ambako alikaa dawati moja na rafiki yake, Miwani, tangu darasa la kwanza. Miwani alikuwa kinyume chake kabisa. Haunganishi waya kabla hajautazama mara mbili.

Wawili hao walikuwa wanachama wa klabu ya sayansi, na walikuwa wametengeneza ghala dogo la nafaka kwa maboksi. Ndani kukiwa na joto, dirisha lake hufunguka lenyewe na feni huanza kuzunguka. Dirisha lilisukumwa na servo, yaani mota ndogo isiyozunguka ovyo, bali hugeuka mpaka pembe uliyoitajia na kusimama hapo. Feni ilikuwa na mota ya kawaida. Zote mbili zilipokea amri kutoka kwenye bodi ndogo ya kompyuta, pana kama kiganja, ambayo wasichana hao waliiandikia programu wenyewe.

Mwalimu wa sayansi alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka watoto wakawa wanamwigiza. "Bodi ni ya kuamuru, si ya kubeba mizigo! Mota ikitaka nguvu, ikaombe kwa betri." Ndiyo maana kati ya bodi na mota ya feni kulikuwa na kipande kiitwacho draiva. Hicho hupokea amri kutoka kwenye bodi na nguvu kutoka kwenye betri. Kuchomeka mota moja kwa moja kwenye tundu la bodi ni sawa na kumtwisha mtoto mchanga gunia la saruji.

Maonyesho ya shule zote yalipangwa Jumamosi. Jumatano, wakati wa mapumziko, Siafu aliingia maabara peke yake. Alitaka kuiona feni ikizunguka, basi. Lakini skrubu ya draiva ilikuwa imelegea, na kila akiusukuma waya ndani, unachomoka. Bisibisi ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mwalimu, umbali wa uwanja mzima.

"Mara moja tu," alijiambia. Akauchukua waya wa mota na kuuchomeka kwenye tundu la bodi.

Feni ikazunguka. Siafu akacheka mwenyewe. Kisha feni ikalegea, ikasimama, na harufu ya plastiki iliyoungua ikampanda puani. Taa ya bodi ilizimika. Alipoigusa, ilimchoma kidole.

Alirudisha kila waya mahali pake, akafunika boksi, akatoka nje kucheza na wenzake kama vile hakuna kilichotokea.

Alasiri, klabu ilipokutana, Miwani ndiye aliyelifungua boksi. Akachomeka bodi kwenye kompyuta. Kimya. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya.

"Miwani kaipika!" alipiga kelele mvulana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Leteni chumvi, imeiva!"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Mwalimu alikuja, akainusa bodi, uso ukabadilika.

"Nani aliigusa mwisho?"

"Mimi, mwalimu," Miwani alisema. "Jana nilirekebisha pembe ya dirisha. Lakini nilipoiacha ilikuwa…"

"Lakini nini? Kanuni unaijua. Klabu nzima ina bodi mbili, na sasa imebaki moja, nayo ni ya kundi jingine! Jumamosi hutakwenda."

Miwani aliivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Siafu alitazama viatu vyake.

Kesho yake jioni, Miwani alibisha hodi kwa kina Siafu akiwa amelikumbatia lile ghala la maboksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, sogeza hivyo vitambaa."

Miwani alitandaza nyaya juu ya meza ya kukatia. "Siafu, nisaidie. Sikulala. Waya mwekundu wa servo, kwenye chanya ya betri. Wa kahawia, kwenye hasi. Hasi ya betri na hasi ya bodi zimekutana. Wa njano ndio unaoleta amri. Sasa nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Siafu alilijua hilo vizuri kama jina lake.

Miwani aliunganisha, akachomoa, akaunganisha tena. Mwisho akaushika ule waya wa hasi. "Labda ni huu. Labda hasi hazitakiwi kukutana, ndiyo maana bodi ikaungua. Eeh? Au unaonaje?"

Huo ndio waya ambao mwalimu alisema usipokuwepo, amri haifiki na servo hutetemeka kama mwenye homa. Siafu alifungua mdomo aseme hivyo. Neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Labda."

Miwani akautoa ule waya, akauweka kando. "Kumbe," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilidhani naelewa."

Alipoondoka, cherehani ilisimama.

"Wewe ambaye hujibu hata usiloulizwa," mama alisema bila kugeuka, "leo mtoto wa watu anakuuliza nusu saa nzima, umemeza ulimi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Nitakuuliza mara moja tu."

Siafu akalia, na katika kulia akasema yote, mpaka kile kidole kilichoungua. Mama hakumpiga wala hakumkumbatia. Alichukua kanga yake.

"Vaa viatu. Tunaanza kwa aliyeumia. Mwalimu ni kesho."

Miwani alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwao. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Yaani ulikuwa unanitazama nikitafuta?"

Mlango ukafungwa taratibu.

Ijumaa alisimama mbele ya klabu, akasema. Hata Redio hakutania. Mwalimu alimwomba Miwani msamaha kwa kumhukumu kabla ya kumsikiliza, akatoa bodi yake mwenyewe ya nyumbani ili ghala liende maonyeshoni. Siafu aliondolewa kwenye onyesho la ghala, kazi yake ingekuwa kubeba viti.

Kwa hiyo Jumamosi aliliona lote kwa mbali, akiwa na kiti mkononi. Miwani aliunganisha nyaya mbele ya wageni. Alipofika kwenye waya wa hasi, mkono ukasita hewani.

"Mwalimu," aliita, "hizi zikutane au zisikutane?"

"Zikutane, mwanangu. Si ulilijua hilo tangu mwanzo?"

Dirisha likafunguka, feni ikazunguka, watu wakapiga makofi. Siafu alimfuata baadaye. "Hongera."

"Asante," Miwani alisema, kama anavyoambiwa mtu aliyekupisha njiani, akaendelea kukunja nyaya.

Nyumbani, Siafu alijitupa kwenye kiti. "Mama, si nimeshasema kweli? Mbona bado hanitaki?"

Mama aliweka mkasi chini. "Ulidhani ukweli ni sabuni, unajipaka mara moja unatakata? Umesema kweli ili yeye atoke kwenye lawama. Ametoka. Hukuisema ili upewe zawadi. Sikiliza nikwambie. Kuunguza bodi ni haraka yako. Ungesema palepale, mngerekebisha wote. Lakini ulimwacha mwenzako atafute kosa lisilokuwepo, mpaka akaanza kulitilia shaka jambo analolijua. Hilo huwezi kumnunulia jipya. Ukiharibu kitu, sema kikiwa bado cha moto."

"Atanisamehe lini?"

"Akitaka. Asipotaka, vilevile utasema kweli."

Jumatatu Miwani alihamia dawati la mbele. Siafu alitoa vitabu vyake, akavipanga upande wake tu, na ule upande mwingine akauacha wazi.